Mwalimu Anjeline Apio, Aliyefundisha Kemia kwa Ndimu na Majivu

Tunayemzika leo alizaliwa tarehe 9 Juni 1980, nje kidogo ya mji wa Tororo, kwa Mama Asio na marehemu Mzee Odoi. Walizaliwa mapacha. Apio alitangulia, na Odongo, anayewasomea maneno haya, akafuata.

Walisoma pamoja hadi darasa la saba. Odongo akabaki shambani, Apio akaendelea mpaka chuo cha ualimu, alikomaliza mwaka 2003.

Tangu 2004 alifundisha kemia katika sekondari moja ya Tororo. Vifaa vilikuwa vichache, kwa hiyo alibeba vya jikoni. Alikamulia majivu ndimu, yakatoa povu. Aliloweka yai kwenye siki mpaka ganda likaisha, likabaki yai laini kama mpira. Mama alikuwa akimwambia, "Apio, hilo lilikuwa la kula."

Mwaka 2007 alikwenda gereji moja ya Busia kuomba maji ya betri. Fundi Erastus Okochi akamwambia, "Madam, hii maji itakula nguo yako."

"Ndiyo nataka watoto waone inavyokula."

Fundi alimpelekea mwenyewe hadi shuleni. Walifunga ndoa tarehe 13 Desemba 2008, wakajenga hapa Sikuda.

Mwezi wa Machi mwaka huu alipatikana na saratani ya tumbo. Alifundisha hadi Julai. Kitandani aliulizia darasa lake la mwisho tu, kwa sababu hawakuwa wamemaliza majaribio ya asidi. Mwalimu Phiona, mwenzake shuleni, aliwachukua. Siku ya mwisho Apio alimwambia, "Wamwage asidi kwenye maji, si maji kwenye asidi."

"Nitawaambia, Madam."

Alifariki Ijumaa, tarehe 17 Oktoba 2025, alfajiri.

Ameacha mume, watoto wawili, Levis na Maurine, mama, na pacha wake.

Leo asubuhi darasa hilo linafanya mtihani wa vitendo wa kemia. Wazee wa ukoo walitaka tuzike saa tano, wakisema mvua ya Oktoba haingoji. Erastus alikataa. Alisema wanafunzi wamalize kwanza, wasafiri hadi hapa, ndipo wamzike mwalimu wao.

"Na mvua je?" wakamuuliza.

"Acha itunyeshee."

Kwa hiyo tutazika saa kumi. Tunaomba msiondoke. Mungu ampokee Apio, ampumzishe.