Mita Mbili za Redioni

Fundi cherehani alikuwa amefumba macho kwenye basi, usingizi wa uongo. Kama macho hayana pazia, masikio ndiyo kabisa.

Kiti cha mbele, mama mmoja alikuwa amekiona kitambulisho shingoni mwa jirani yake. “Kumbe ninyi wa hali ya hewa ndio mliosema redioni mawimbi ni mita mbili? Wanangu walipigwa na wimbi lililovuka paa la boti.”

“Pole sana, mama. Lakini mita mbili ni wastani. Wimbi moja moja hufika hata mara mbili yake.”

Pole yenye “lakini” mkiani, fundi akawaza.

“Redioni mlisema wastani?”

“Muda wa tangazo ni mfupi, mama.”

Neno moja tu! Tangazo la sabuni la redio hiyo hiyo lilikuwa na wimbo mzima.

Mama akacheka kicheko kikavu. “Walitoka wawili, akarudi mmoja. Basi kwa wastani wenu, bwana, kila mwanangu karudi nusu.”

Basi likasimama mbele ya ofisi ya hali ya hewa. Kondakta aliita kituo mara mbili, na yule bwana hakuinuka.