Ufa Tumboni mwa Ndege

"Ndege gani haina miguu?" Mama Mokami alimuuliza kijana aliyepakata ndege ya mbao, basi lilipoiacha Nyangoto. Kijana, Faridu, alijibu kwamba hiyo iko angani, magurudumu yamekunjwa. Mteja wa Mugumu ataining'iniza darini, watu waitazame kwa chini. Ilikuwa nzuri mno. Mimi, kiti cha nyuma, nilisahau kusinzia.

Mama aliigeuza, akapitisha ukucha pale vifuniko vya magurudumu vinapokutana na tumbo. "Hapa pamebonyea."

"Palikuwa na ufa, niliuziba jana, mama, kwa gundi na unga wa mbao."

"Mara moja tu? Mimi ukuta wa udongo naukandika mara mbili. Kiraka kikikauka kinazama, baba. Ziba tena."

"Mteja ananisubiri stendi! Afadhali aone pamebonyea kuliko ashike pabichi, hatanipa kazi tena."

"Pabichi patakauka. Shimo halijijazi."

Faridu alisonya, lakini akatoa kikopo cha gundi ile, akaziba kwa kidole, taratibu kama anayempaka mtoto dawa ya macho. Huo ulikuwa ufundi, nakiri.

Mugumu, konda aligonga bodi, tukashuka. Wao walibaki kitini, wameinamia tumbo la ndege, wakipuliza kwa zamu.