Uso wa Zuena kwenye Sabuni

Alasiri ile, mwaka wa hamsini na nne, Fransis mpiga picha alifika kwenye benchi la kahawa la Mwishehe, Temeke, na bahasha kwapani. Ndani mlikuwa na picha ya jirani yake Zuena, mjane muuza maandazi, aliyompiga Idi iliyopita: kajitanda kanga mpya, anacheka mpaka macho yanataka kujifumba. Wakala wa kiwanda kimoja cha sabuni aliiona ukutani kwa Fransis akaitaka, iwekwe kwenye kila karatasi ya kufungia sabuni. Angepita jioni kusikia bei. Fransis alizoea kuwauzia watu sura zao wenyewe. Hii hakujua hata anauza nini.

— Unauza karatasi, alisema Shomari, mwendesha winchi wa bandarini, ambaye kijiwe kizima kilimwita Winchi.

— Karatasi wakala anazo tele, alisema Fransis. Anachotaka ni uso.

Sadallah, aliyeitwa Wakili kwa kuwa hakosi mahakamani hata kwa kesi zisizomhusu, akaweka kikombe chini.

— Wahenga wamesema, mchimba kisima huingia mwenyewe. Umepiga wewe, fedha iingie kwako.

— Methali hiyo ni ya balaa, Wakili! alidakia Winchi.

— Balaa gani? Mtu kachimba, kapata maji.

Winchi akanogewa.

— Basi asiuze, akodishe. Kama chumba. Mwezi ukiisha, wakala arudishe uso.

— Ataurudishaje, na watu wameshaukunja na kuutupa? aliuliza Fransis.

— Hapo ndipo penye kesi! alisema Wakili. Tena jua nalo? Bila jua hakuna picha. Jua lina fungu lake.

— Fungu hilo tulipeleke wapi?

— Msikitini. Na kanisani kidogo, kwa ajili ya Fransis.

Wakaangua kicheko. Fransis naye alicheka, lakini roho haikutulia. Alikuwa amemwita Zuena, na hakujua aanzie wapi.

Zuena akatokea, sinia kichwani.

— Shikamooni wazee. Kaka Fransis, nasikia waniita.

Fransis akamweleza yote. Zuena akatua sinia, akaishika picha, akaitazama kwa muda.

— Nitakuwa kwenye kila sabuni?

— Kila moja. Mpaka Ubungo, mpaka Pugu huko.

— Basi mtu akifua, nguo ikabaki na uchafu wake, atakayemlaumu ni mie. Hiyo sabuni yenyewe inatakatisha?

Winchi akamtazama Wakili. Wakili akakohoa.

— Wahenga wamesema, kikulacho ki nguoni mwako...

— Sikuwauliza wahenga, kaka. Nimewauliza nyie.

Hapakuwa na mtu benchini aliyewahi hata kuinusa sabuni hiyo.

Wakala alipotokea pembeni mwa njia, Fransis aliinuka kabla hajasalimiwa, na kwa mara ya kwanza siku hiyo sauti yake haikusita.

— Bei baadaye, bwana. Kwanza tupe mche mmoja wa sabuni, tuujaribu.

Zuena alikwisha kuondoa kitambaa cha sinia, kimelowa mafuta ya maandazi, na alikuwa akimwomba Mwishehe ndoo ya maji.