Abdul-Karim na Dirisha Lake Jeusi

Mwaka mzima hamjakanyaga hapa, ninyi mliohamia tawi jipya, na leo mnataka kusoma habari za Mzee Abdul-Karim kwenye karatasi kama wageni. Aibu yenu. Haya, someni. Ametumika miaka thelathini na mmoja katika chumba chetu cha picha za eksirei hapa hospitalini Wandegeya, na Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba, anastaafu. Mimi Habibah, mpika chai wenu, nasema, na Jalia, atakayeshika kiti chake, anaandika.

Alianza kwa kuosha filamu gizani, shati likinuka dawa. Kompyuta zilipoletwa wenzake waliogopa. Yeye alinunua daftari, akanakili kila alichofundishwa. Ndiyo maana programu mpya ilipokataa kufungua picha za mashine ya zamani, hatukulia. Alifungua lile dirisha jeusi la kompyuta lisilo na kitufe hata kimoja, akaandika amri ya mstari mmoja, na picha ikamwagika ikiwa namba tupu. Namba hizo hazina jina la mgonjwa, upana wala urefu. Ni maharage yaliyomwagwa kutoka guniani: wewe ndiwe wa kuiambia kompyuta ni ya nani na yapangwe vipi. Ukikosea upana, kichwa cha mtu kinatoka kimepinda kama mkeka uliosukwa na mlevi.

Kwa hiyo alijiwekea sharti. Kabla ya kubonyeza, anasoma jina na upana kwa sauti, na mtu mwingine anarudia. Mtu huyo nilikuwa mimi, maana chai haikosi chumbani humo. Sikwenda shule, lakini masikio hayaulizwi cheti. Vijana walinicheka, wakaniita kasuku.

Walicheka mpaka siku ya Nabangala, muuza mashuka wa soko la Owino. Daktari alitaka picha yake ya zamani ya kichwa ailinganishe na mpya kabla ya kumpasua. Mzee alikuwa na mafaili ya wagonjwa wawili mbele yake, macho yamechoka. Akasoma jina: Rahmah. Nikaweka birika chini.

"Karimu mwanangu, anayesubiri pale nje ni Nabangala."

Akafuta, akaanza upya. Chai hakuinywa siku hiyo. Nabangala yu hai, na bei zake bado ni za kinyang'anyi.

Sasa sikilizeni. Jalia amefundishwa, ana akili kutushinda wote, lakini anabonyeza haraka na kimya. Andika, Jalia, usiruke. Na masikio yangu yamechoka: juzi Mzee alisoma upana mia tatu, nikarudia mia mbili. Jumatatu kuna mgonjwa mwingine anayesubiri picha ya zamani.

Karimu, asante kwa kila kichwa ulichokitoa kikiwa kimenyooka. Nenda nyumbani Bombo, mkeo Safinah akupikie, na Mungu akupe uzee usio na mashine ya kukuamsha.

Ninyi wengine, mkija Jumatatu, salamu zingoje. Simameni nyuma ya Jalia. Asiposoma jina kwa sauti, mshikeni mkono.