Gari Linalolala Kwenye Joto

Kwenye basi la kuelekea katikati ya mji wa Oulu, mzee mmoja alipakata madigadi mpya ya gari kama aliyepakata mjukuu. Mama aliyeketi kando yake alivumilia vituo viwili, kisha akauliza, "Hiyo ya zamani ilipatwa na nini, mzee?"

"Kutu! Na hilo gari nalitunza. Baridi ikianza tu, linalala gereji, hita inawaka."

"Ndiyo maana! Chumvi wanayomwaga barabarani kuondoa barafu inagandia kwenye bati, halafu wewe unaiyeyusha. Unaipikia kutu chakula. Langu lina miaka ishirini na sita, linalala nje kwenye theluji, na bodi haina hata tundu."

"Yaani mimi nijifunike blanketi, lenyewe ligande?"

"Basi toka ukalale nalo."

Sisi Wafini tunavua nguo kwenye sauna mbele ya wageni bila haya, lakini kucheka kwenye basi ni aibu. Mimi, kwenye kiti cha nyuma yao, nikauma skafu nisicheke.

Mzee akanyanyuka, madigadi kifuani. "Haya, mama mwenye gari zima, mbona umepanda basi?"

Mama akageukia dirishani. "Limekataa kuwaka tangu Jumatatu," akasema. "Baridi."

Basi likasimama.