Mzee Taratibu, Mwenye Ngazi, Leo Anatoka wa Mwisho

Ijumaa hii, tarehe 28 Juni, saa kumi jioni, mwendesha ngazi wetu mkuu anakabidhi funguo baada ya miaka thelathini na moja na miezi minne kazini. Ngazi ninayoisema ni ile yenye injini na magurudumu, inayopelekwa mlangoni mwa ndege ili watu washuke. Bila yeye, abiria angevuka bara zima salama salimini, kisha akabaki mita tatu juu ya ardhi akiwapungia wenyeji wake dirishani. Nimeombwa niandike mimi kwa sababu nimekuwa naye miaka ishirini na sita, nikiongoza upande wa mizigo, na kwa sababu hapa kiwanjani hakuna anayeniweza kwa kusimulia. Shule niliiacha njiani, lakini macho sikuyaacha.

Alipoajiriwa, ngazi zilisukumwa kwa mikono: watu wanne siku ya kawaida, sita siku ya mvua. Yeye alikuwa akiisukuma peke yake, tena huku anakula muhogo. Niliona kwa macho yangu, ingawa mwaka huo nilikuwa bado sijaajiriwa.

Katika miaka yote hiyo ngazi yake haijawahi kugusa ndege hata rangi. Sheria yake ni vidole vitatu. Kati ya ukingo wa ngazi na mlango wa ndege panatakiwa pabaki nafasi ya vidole vitatu, si viwili, si vinne. Akipanda juu anaweka mkono wake hapo, anapima, na kama havikutimia anashuka, anarudisha ngazi nyuma, anaanza upya. Rubani atanuna, abiria watagonga vioo, yeye anapima. Mafundi walimletea kipimo cha chuma chenye namba. Akakipokea kwa heshima zote, akakifanya kigingi cha kuzuia mlango wa chumba cha chai usijifunge.

Jina la Taratibu alipewa na kinywa chake mwenyewe. Mlango ukishafunguliwa, yeye husimama chini ya ngazi na kusema karibuni, taratibu jamani, taratibu. Na hapo ndipo palipokuwa na donda lake. Hakuna aliyemjibu. Watu walimpita kama wanakimbia moshi, simu sikioni, begi begani, mtoto kwapani. Siku moja aliniambia kwamba tangu aanze kazi walioitikia salamu yake hawafiki kumi, na mmoja wao alikuwa amekosea ndege.

Basi swali la kwa nini abiria wanakurupuka namna ile lilikuwa ndilo gumzo la chumba cha chai. Ndege haijasimama sawasawa, mikanda imeshafunguliwa tap tap tap. Ndege ikisimama, wote wima, shingo zimepinda chini ya kabati za mizigo kama kuku kwenye tenga, na mlango haujafunguliwa kwa kuwa ngazi bado iko kwa Mzee Taratibu! Fundi wa injini alishikilia kwamba ni miguu imekufa ganzi. Mama wa usafi, anayefagia ndege zote na kujua siri za kila kiti, alisema ni woga wa kuachwa: mmoja akisimama, wa pili anasimama, ukiwauliza wanaachwa na nani hawajui. Mimi nilieleza kitaalamu kwamba ule upepo wa juu huingia tumboni na kumpandisha mtu kama chapati kwenye mafuta. Mzee Taratibu alitusikiliza wote, akapuliza chai yake, akatoa hukumu: ni ukosefu wa adabu, basi.

Na ushahidi alikuwa nao. Yupo bwana mmoja mwenye suti aliyewahi kupita juu ya mapaja ya watu watatu ili atoke wa kwanza. Akatoka wa kwanza. Akaingia wa kwanza kwenye basi la kuwapeleka abiria jengoni, akasukumwa na waliomfuata mpaka nyuma kabisa. Basi likafika, akashuka wa mwisho. Hakukata tamaa, akawapita wote mbio mpaka kwenye mkanda wa mizigo, akasimama pale mguu mmoja mbele kama mwanariadha. Begi lake lilikuwa bado kwenye tumbo la ndege na mimi nilikuwa nimelikalia nikifunga kamba ya kiatu. Nilikifunga vizuri sana kile kiatu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ndilo sababu ya sherehe hii kupangwa jinsi ilivyopangwa.

Mzee Taratibu hakuwa amewahi kupanda ndege. Miaka thelathini na moja mlangoni, ndani hajawahi kuketi. Mwezi uliopita uongozi ukampa yeye na mkewe, fundi cherehani, tiketi ya kwenda kumwona binti yao na kurudi, dakika arobaini kila upande. Chumba cha chai kikachemka. Nikamwambia mbele ya watu kwamba siku ya kurudi hapa kwetu atasimama kama wengine. Akaniita mpuuzi, akasema atakaa kitini mpaka mtu wa mwisho ashuke. Tukawekeana sharti. Akikaa mpaka mwisho, mimi nitasimama chini ya ngazi mwezi mzima nikiwapa mkono abiria wote, na mnajua mikono ya mizigo ilivyo. Akisimama, siku ya kuagwa atabaki kitini ukumbini mpaka wote tutoke. Mama wa usafi akawa shahidi. Mzee alicheka, lakini niliona hakuwa anacheka sana. Kama na yeye angekurupuka, maneno yake ya miaka yote yangekuwa upepo tu.

Siku ikafika. Zamu ya ngazi niliichukua mimi, maana nina leseni, na ngazi ni kigari tu kwa mtu aliyewahi kurudisha nyuma trela sita za mizigo akiwa amefumba jicho moja. Ndege ikasimama. Yaliyotokea ndani nimeyapata kwa mkewe, ambaye haongezi chumvi. Taa ya mikanda ikazimika, watu wakanyanyuka wote kama wameitwa majina. Mzee Taratibu akabaki ameketi, viatu amevua, mikono juu ya tumbo, anatabasamu kama bwana harusi. Mkewe akamsifu. Zikapita dakika mbili hivi. Kisha akageuza uso dirishani akaniona ninakuja.

Wapo wanaosema nilikuja upande. Wapo wanaosema kati ya ngazi na mlango angepita mbuzi. Mimi nasema jua lilinipiga machoni. Lakini mkewe anasema mumewe alitoa sauti ambayo hajaisikia tangu mtoto wao wa kwanza alipomeza kifungo, akaruka kutoka kitini, akapenya chini ya viwiko vya watu akisema nipisheni, nipisheni jamani, mtu ataanguka! Bwana mmoja akamwambia babu, na sisi tunashuka hapa hapa. Hakusikia. Mhudumu wa ndege alimkuta ameganda kwenye kidirisha cha mlango, ananipigia ishara za mkono: nyuma, nyuma, kushoto, wewe! Nikarudi, nikaja tena. Mlango ulipofunguliwa akatoa mkono wake kabla ya kitu kingine chochote, akapima. Vidole vitatu. Ndipo akashuka, wa kwanza kati ya abiria themanini na wawili, akiwa na soksi tu.

Mkewe alitoka wa mwisho, polepole, viatu vya mumewe mkononi. Alifika chini, akamtazama, akasema miaka yote hii nyumbani nafundishwa taratibu, kumbe mwalimu mwenyewe ni huyu. Tulicheka mpaka rubani akashuka kuuliza kuna nini.

Mzee Taratibu hakubisha. Alivaa viatu vyake pale pale akasema sharti ni sharti. Na tangu siku ile, akisimama chini ya ngazi, hasemi tena habari ya adabu. Anasema huenda kila abiria ameona dirishani kitu chake ambacho wengine hawakioni.

Kwa hiyo ndugu wafanyakazi, leo baada ya keki asikurupuke mtu. Mstaafu atabaki kwenye kiti chake karibu na mlango, na mkewe pembeni akimshikia viatu endapo ataruka tena. Tutatoka safu kwa safu, tukianza na ya mbele, na kila atakayepita atasimama, atampa mkono, atamwitikia salamu zile alizokuwa anadai tangu mwaka alioajiriwa. Mimi nimejiweka safu ya mwisho. Sina haraka.

Asante, mzee wetu, kwa kila mguu ulioshuka salama mikononi mwako. Nenda kapumzike na mama, ukae utakapo, usimame utakapo, na dunia ikusubiri ukishuka.