Medard Mihayo na Mtani Wake wa Mto Wami

Wasifu huu umeandikwa na binti yake mkubwa, Angela, kwa niaba ya familia, na unasomwa leo Alhamisi, tarehe 17 Julai 2025, hapa kando ya kaburi, nyumbani kwa marehemu, Mkange. Mjane ameagiza usifupishwe. Padri ameshaombwa radhi.

Marehemu Medard Mihayo alizaliwa tarehe 8 Juni 1963, misheni ya Ndala, wilayani Nzega, mkoani Tabora, mtoto wa tano wa Mzee Hieronimo Mihayo na Mama Asteria. Alizaliwa njiti, akabatizwa haraka haraka kwa sababu hakuna aliyedhani angeishi, akapewa jina la mtakatifu wa siku ile. Yeye mwenyewe alipenda kusema kwamba alianza kufa mapema sana, ila kazi hiyo ikamshinda.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Ndala kuanzia mwaka 1971 hadi 1977. Alikuwa hodari wa hesabu na mvivu wa kutupwa kwenye bustani ya shule. Hakuchaguliwa kuendelea na sekondari, basi mabruda wa misheni wakamfundisha uashi. Mto mkubwa alikuwa hajauona kwa macho. Kuogelea hakujua, na wala hakujifunza mpaka anafariki, jambo ambalo wageni wake wa mtoni walifichwa.

Mwaka 1986 alikuja Mkange na kikosi cha kuchimba visima. Siku ya kwanza, akiwa ameinjika wali wake nje ya hema, alipita kijana mmoja Mzigua wa hapa, Mwinjuma, akamwamkia vizuri na kumuuliza kwao wapi. Medard akajibu kwamba yeye ni Mnyamwezi. Mwinjuma aliipua sufuria, akakaa chini, akala wali wote, akafuta mdomo na kusema, "Asante, mtani. Chumvi haikukolea." Wazigua na Wanyamwezi wanataniana tangu enzi za misafara. Mtani huchukua chako, hukutukana mchana kweupe, na huruhusiwi kununa. Na siku ukifa ndiye anayekuzika. Kesho yake Medard alikwenda uani kwa Mwinjuma, akakamata jogoo mbele ya mama mwenye nyumba, akaondoka naye bila kuaga. Kikosi cha visima kilipohama, Medard hakuhama nacho.

Alifunga ndoa takatifu na Natalia, binti wa katekista, katika kanisa la misheni ya Mandera, tarehe 25 Agosti 1990. Aliyekwenda kumposea ni Mwinjuma. Baba mkwe alipouliza tabia ya kijana, mshenga alijibu, "Mzee wangu, sikufichi. Mvivu, mlafi, na kwao ni mbali. Mkimchoka hamtajua pa kumrudisha." Mzee alicheka mpaka akakohoa, akatoa binti. Ndoa hiyo ilijaliwa watoto watatu. Natalia anasema ya ulafi yalikuwa kweli, mengine uongo.

Kazi iliyompa jina ilianza mwaka 2005, pale wataalamu wa samaki walipokodi boti ya Mwinjuma kupima mto Wami na kumchukua Medard awapikie. Wakiwa mtoni, mpishi aliuliza maswali mengi kuliko wataalamu. Walipoondoka, yeye na Mwinjuma walianza kupeleka wageni kuvua kwa ndoano: Mwinjuma kwenye mashine, Medard mbele na wageni. Watu walikuja kutoka Dar, Morogoro, hata Dodoma. Wengi walitaka kuja kipupwe, mvua zikishaisha na mto umetulia, na hapo ndipo pagumu. Kusi huvuma juu ya maji tangu asubuhi, maji yanapoa, kambale wanashuka chini na kugoma kula. Medard aliwatafutia wageni kona zenye kingo ndefu, upepo unakopita juu kwa juu, akawashushia mshipi hadi kwenye tope na kuwaambia wanyamaze. Mgeni akilalamika baridi, alivua sweta lake akampa. Masweta yake mengi yako Dodoma.

Wanyamaze wageni, maana wao wawili hawakunyamaza kamwe. "Babu zako walileta mizigo pwani wakarudi kwao," Mwinjuma alizoea kusema. "Wewe njia umeisahau, we mpagazi?" Naye Medard, "Ningeondoka zamani, ila nawaonea huruma. Nani atawafundisha Wazigua kunawa?" Mama mmoja wa Dodoma aliwahi kulia ndani ya boti, akiwasihi wapatane. Walimtazama wote wawili kwa mshangao, wasijue amesikia ugomvi gani.

Mwaka 2021 marehemu aligundulika kuwa na shinikizo la damu, na baadaye daktari alimwambia moyo wake umepanuka. Alipewa dawa na kukatazwa baridi na kazi za nguvu. Dawa alizinywa. Baridi aliitania. Kila asubuhi ya kipupwe, akipanda boti na sweta lake, alisema, "Mzigua, leo nakufa." Mwinjuma alijibu, "Kufa basi, boti iwe nyepesi." Natalia aliyachukia maneno hayo, lakini nani anaweza kuingilia watani wawili?

Jumamosi, tarehe 12 Julai, waliondoka na wageni wawili. Upepo ulikuwa mkali na mbingu imefunga. Kwenye kona ya pili, mgeni mmoja, Bwana Amin wa Kigamboni, alinasa kambale mkubwa. Medard aliinama kumtoa kwa wavu wa mkono, akamtoa, kisha akakaa ghafla na kushika kifua.

"Mzigua," alisema, "nakufa."

"Kufa taratibu," alijibu Mwinjuma, "usiwatishe samaki."

Wageni walicheka. Medard naye alicheka. Baada ya muda Bwana Amin aliona jasho usoni kwake, katika baridi ile, akageuka nyuma kuuliza kama mzee yuko sawa kweli. Mwinjuma alimwondolea wasiwasi. Alisema Mnyamwezi hafi kabla ya kula. Waliendelea kuvua. Kisha Mwinjuma akatupa tusi lingine, lile la wapagazi, na mbele ya boti kukawa kimya. Tangu wajuane, Medard alikuwa hajaacha tusi lipite bila jibu. Hapo ndipo Mwinjuma alipojua.

Aligeuza boti kuelekea upepo akaipeleka mashine mpaka mwisho. Kutoka ukingoni hadi kwenye gari la wageni ni mbali na ni tope. Alimbeba Medard mgongoni, akikataa kusaidiwa. Bwana Amin anasema njia nzima alikuwa akimwambia, "Nijibu. Nijibu, we mshenzi, nijibu."

Hospitalini Bagamoyo walithibitisha kuwa ni mshtuko wa moyo. Daktari hakusema kama muda ule uliopotea mtoni ungebadili chochote, na familia haikumuuliza. Jumapili marehemu alipata nafuu kidogo, akaweza kusema. Alimuuliza mkewe, "Yule Mzigua yuko wapi?" Mwinjuma alikuwa barazani, amekaa sakafuni tangu jana yake, na kila alipoitwa alitikisa kichwa. "Mwambie aingie," alisema Medard, "nina tusi lake." Hakuingia. Jumatatu jioni ndipo alipoingia, akamkuta Medard amelala, akamshika unyayo kwa muda mrefu, akatoka bila kumwamsha. Medard alifariki dunia Jumanne, tarehe 15 Julai, asubuhi, Natalia akiwa kando yake. Alikuwa na umri wa miaka sitini na miwili. Yeye na Mwinjuma hawakusemezana tena, na hilo ndilo linaloiumiza familia hii kuliko hata kifo chenyewe.

Jana Mwinjuma alituma mtu kusema kwamba leo atakuja kuzika kama jirani tu, si kama mtani, na kwamba atafutwe Mzigua mwingine wa kuifanya kazi hiyo. Wote mnaijua: mtani hushuka kaburini kabla ya marehemu, akajilaza, akagoma kutoka, akamsema vibaya mpaka watu wacheke machozi yakiwatoka, na mpaka alipwe. Natalia alimfuata kwake. Alimkuta nyuma ya nyumba, akamwambia maneno ambayo mumewe alimwachia Jumapili ile. Mwinjuma alisikiliza, akajibu, "Shemeji, unanifariji tu." Hakuamini. Ndiyo sababu mjane ameagiza maneno hayo yaandikwe humu na yasomwe mbele ya watu wote, Mkristo na Mwislamu, ili kama ni uongo, awe ameusema mbele ya jeneza la mumewe.

Medard alisema hivi: "Mwambie hajakosea. Nilimwambia nakufa kama ninavyomwambia kila siku. Hata mimi nilidhani natania. Na siku ya kunizika anitukane vizuri, maana akinyamaza watu watadhani tuligombana."

Familia inawashukuru wauguzi na madaktari, Bwana Amin na mwenzake waliotoa gari lao, jumuiya ndogo ndogo, na majirani wa Mkange waliopika na kukesha.

Marehemu ameacha mjane, Natalia, watoto watatu, Angela, ambaye ni mwalimu Kerege, Vedasto na Asteria, wajukuu wanne, dada mmoja aliyeko Ndala ambaye hakuweza kusafiri, na mtani mmoja, Mwinjuma, ambaye hana wa kumjibu tena.

Mungu amsamehe Medard makosa yake na ampe pumziko pasipo baridi wala upepo. Lakini jeneza halitashushwa kwanza. Bwana Mwinjuma, uliposimama hapo nyuma tunakuona. Shemeji yako amesimama ukingoni mwa kaburi, anakungoja. Njoo ushuke.